Neno Alilolitaka Karani

Kama ulitaka kumfurahisha Karani, hukuwa na haja ya kumletea samaki, ngege wala kamongo. Ulimletea neno la Kiingereza lenye Q. Hapo angekuvutia kiti, angemwita mkewe akuchemshie chai, na kwa muda huo wa chai ungekuwa mtu mbele yake. Ukishalisema neno lako, chai nayo imeisha, unarudi kuwa jirani tu wa kusalimiwa kwa kidevu.

Nilikaa naye miaka mingi, ukuta wangu na wake mmoja, katika zile nyumba za wafanyakazi karibu na gati la Kisumu. Yeye alikuwa karani wa ghala la mizigo. Marehemu mume wangu alikuwa amefanya kazi gatini, na wakubwa wa gati walivyonisahau mle ndani ya nyumba, mimi sikuwakumbusha. Cherehani yangu ilikuwa barazani, nashona sare za shule na magauni ya kanisani, kwa hiyo hakuna aliyeingia kwa Karani wala kutoka bila kupita mbele ya macho yangu. Nasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza nimeyajuaje. Mengine niliyasikia kupitia ukutani, maana Karani hakujua kuzungumza kwa sauti ya chini akiwa na neno jipya mdomoni.

Ugonjwa wake uliletwa na Mzungu. Uhuru ulipokuja, wakubwa wa gatini walifunga virago, na kila mmoja aliwagawia watu wake vile vitu alivyoona havifai kusafirishwa. Mpishi alipata kitanda cha chuma. Mtunza bustani alipata baiskeli, na mpaka leo watoto wake wanaitwa watoto wa baiskeli. Karani, aliyemwandikia bwana wake barua zote na kumfichia makosa yote, alipewa kisanduku chenye vipande vidogo vya mbao, kila kipande na herufi yake, pamoja na ubao wa kuzipangia. Mtu mwingine angekwenda nyuma ya nyumba akalia. Karani alikibeba kisanduku kile kwa mikono miwili njia nzima kutoka ofisini, akisimama kuwaonyesha watu.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe uko hivi. Unachota herufi chache bila kuchungulia, unazipanga ziwe neno la Kiingereza, na neno lako lazima lishikane na neno la mwenzako lililoko tayari ubaoni. Herufi za kila siku hazikupi kitu. Zile za taabu, Q na Z na X na J, ndizo zinazokupa ushindi. Sasa mfikirie mtu mzima, mwenye mke na kazi na sauti ya kuogopwa na mahamali, ambaye anaamka asubuhi akiwaza J.

Alikuwa na kamusi nene iliyopoteza jalada. Watu wengine hufungua kamusi kutafuta maana ya neno. Yeye aliifungua kuwinda, penseli sikioni, akipita ukurasa kwa ukurasa, na maana aliziruka kama mtu anayeruka matope. Kabla ya kuanza alinitangazia mawindo ya siku hiyo, ingawa sikuwa nimemuuliza.

"Mama Cherehani, leo natafuta zenye X katikati. Umewahi kuona neno lenye X mbili?"

"Nimeona suruali yenye viraka viwili matakoni," nikamjibu. "Ni yako, na iko tayari tangu juzi."

Hakusikia. Alikuwa ameshainama.

Siku moja alishinda akitangaza neno zephyr kwa kila aliyepita. Alimpa mwenye maziwa, akampa mwenye makaa. Jioni nikamuuliza hiyo zephyr ni kitu gani, inaliwa au inavaliwa. Alinitazama kwa huruma kubwa, jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuja. "Mama," akasema, "neno halina haja ya kuwa na maana. Lina haja ya kuwa na Z." Usemi huo aliurudia mara nyingi, na kila mara aliutoa taratibu, akingoja tuushangae. Alikuwa na mwingine: "Herufi haina ukoo." Maana yake, nadhani, ni kwamba mezani kwake mtu wa Alego na mtu wa Karachuonyo na Mhindi wa duka la vitabu walikuwa sawa. Walikuwa sawa kweli, kwa sababu wote aliwadharau kwa kipimo kimoja.

Kanisani alikaa mbele. Padri wetu alipenda kuchanganya Kiingereza katika mahubiri, na Karani aliandika haraka haraka kwenye bahasha kuukuu. Padri akaona huyu ndiye muumini wa kweli. Alimsimamisha mbele ya watu wote, akatuambia sisi wengine tunaosinzia tumwige. Karani akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mimi nilikuwa nyuma yake na niliiona ile bahasha. Alikuwa akiwinda V.

Jambo ambalo sikuweza kulimeza ni la mkewe. Tutamwita Mama Akinyi, kama tulivyomwita wote. Alishikwa na malaria kali, akawa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta wangu. Dresa wa zahanati akaja, akampima, akasema huyu atapewa kwinini. Karani akaruka.

"Andika hiyo," akamwambia dresa. "Niandikie vizuri, kwa Kiingereza."

Dresa akaandika, akidhani mume anataka kuikumbuka dawa. Karani akaitazama ile karatasi, uso ukamng'aa. "Ina Q," akasema. "Na N mbili." Kisha akavaa kofia, akatoka kwenda kumwonyesha Mhindi wa vitabu. Mimi ndiye niliyekwenda na blanketi langu kumfunika mwanamke yule. Yeye mwenyewe, meno yakigongana, akacheka, akasema, "Mwache, Mama. Angalau leo nimempa kitu." Sikuona cha kuchekesha. Sioni hata sasa.

Sitaki mtu aseme namsingizia, kwa hiyo nitataja na mengine. Watu wa Manyatta waliotafuta kazi walimjia awaandikie barua za maombi, na hakuchukua kwao hata sigara. Aliwaandikia kwa mwandiko mzuri, akiwa ameketi wima, mpaka mkono ukamuuma. Ila hakuweza kujizuia kuchomeka maneno yake. Mtu mmoja aliomba kazi ya ulinzi, na Karani akawaandikia wakubwa kwamba mwombaji ni mtu quixotic. Mwombaji hakujua ni nini, wakubwa nao bila shaka hawakujua, wakamwajiri. Jambo hilo lilimharibu Karani kabisa. Kutoka hapo alijiona anaajiri mji mzima.

Na pamoja na Kiingereza chote hicho, siku kreti la misumari lilipomwangukia kidoleni pale gatini, sikusikia Q wala X. Alipiga ukelele wa "Mayoo!" wa Kijaluo safi uliofika kwangu barazani, akamwita mama yake aliyekwisha kufa. Mahamali walikizungumzia kilio hicho mwezi mzima.

Nyumbani mtu mmoja tu aliweza kucheza naye, naye ni Akinyi, mtoto wao wa pekee. Mkewe alikataa tangu siku ya kwanza. Alisema ana sufuria za kupanga. Lakini Akinyi alilelewa juu ya ubao ule. Alijua herufi kabla ya kujua kusuka nywele. Alipokua akawa mpiga taipu mjini, na bado kila jioni, kabla ya kuvua viatu, babake alikuwa ameshapanga viti viwili. Nilikuwa nawasikia. Karani akimshinda mtu mwingine alikaa kimya, amevimba. Akinyi akimshinda yeye, alicheka. Ndicho kicheko pekee cha mtu yule nilichowahi kukisikia kupitia ukutani, na kilikuwa kicheko kizuri, nakiri.

Mimi ndiye niliyemleta Fundi. Kwetu anayewakutanisha wawili ili waoane huitwa jagam, na kazi hiyo naijua kama ninavyoijua sindano. Kijana huyu alitengeneza injini za maboti kule Dunga, na alikuja kwangu nimshonee ovaroli. Mpole, mikono mikubwa, anasalimia watu kwa jina. Nikamwita Akinyi aje anisaidie kupima kifua, ingawa kifua nilikuwa nimeshakipima. Baada ya wiki kadhaa Akinyi akaniambia, "Mama, huyu ananiuliza nimeshindaje. Hataki neno kwangu." Nikajua kazi yangu imekwisha.

Ilibaki siku ya wazee kuja. Walikuja kutoka Asembo, wamevaa makoti kwenye jua lile, wakiongozwa na baba mkubwa wa Fundi, mzee mrefu mwenye fimbo na sauti ya kukoroma. Walikuwa wameondoka kwao alfajiri bila kutia kitu kinywani, kwa heshima ya nyumba waliyokuwa wakiiendea. Nyumba nyingine hutanguliza habari za ng'ombe wa mahari na nyingine hutanguliza chakula, lakini sijawahi kuiona nyumba inayowaacha wageni wa namna hiyo waondoke na njaa. Mama Akinyi alikuwa amepika kuku na ngege, na ugali ulikuwa umefunikwa. Beseni la maji ya mikono liko mlangoni, na taulo mpya niliyoipinda mimi mwenyewe. Mwenye nyumba akishasalimu, linalofuata ni maji.

Karani akasimama. "Kabla hatujala," akasema, "nataka kukijua kichwa cha huyu kijana."

"Kichwa yake ndio hiyo," mzee wa Asembo akasema. "Si unaiona?"

Wazee wakacheka. Karani hakucheka. Alisogeza sahani pembeni, akaweka kisanduku chake mezani, akachagua herufi na kuzitenga mbele ya Fundi. "Nipe neno moja la Kiingereza lenye J, V na X. Moja tu. Ukilipata, tunakula."

Nilidhani ni utani. Mama Akinyi, aliyekuwa kwenye mlango wa jikoni na jagi la maji, naye alidhani ni utani, kwa sababu alikuwa bado anatabasamu. Fundi akazitazama zile herufi. Akaigusa moja, akairudisha. Jasho likaanza kumtoka. Hewa yote ya chumba ilikuwa kuku. Jua lililokuwa kizingitini likaingia ndani, likapanda miguu ya meza, na kijana wa watu bado ameinama.

"Bwana Karani," mzee akasema kwa upole kabisa, "hii mchezo inaisha saa ngapi?"

Karani akaweka kidole mdomoni. "Silence, please. Kijana anafikiri."

Amemnyamazisha mkwe. Mzee, mgeni, mwenye mvi, katika nyumba aliyoalikwa, amenyamazishwa kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Yule mzee hakupandisha sauti. Alichukua fimbo yake, akasimama polepole, akamgusa Fundi begani.

"Amka, nyathina, mwanangu," akasema. "Sisi tulikuja kuomba msichana. Hatukujua tumeitwa mtihani."

Wakatoka mmoja mmoja, wakalipita beseni. Taulo ilibaki imekunjwa. Akinyi alikuwa amesimama karibu na mamake, na Karani alikuwa akizirudisha herufi kisandukuni, akihakikisha hakuna iliyoanguka chini ya meza.

"Karani, umefukuza watu," nikamwambia.

"Sijafukuza mtu. Nimewauliza neno."

"Ningekuwa mwanamume ningekupiga."

"Ungekuwa mwanamume," akasema, "ningekuuliza wewe pia."

Akinyi hakungoja. Ilikuwa Jumamosi ya mashindano ya mchezo ule kule ukumbini, makarani wa mji mzima wamekusanyika na kofia zao. Babake alipokuwa huko, Akinyi akapita kwangu mchana kweupe na kikapu kimoja, akaniambia, "Mama, nakwenda kwake." Nilimalizia pindo la gauni lake akiwa amelivaa, nikakata uzi kwa meno. Mamake alimsindikiza mpaka kona, akarudi akiwa ameshika mikono yake mwenyewe.

Jioni Karani akaja na chupa ya chai mpya, zawadi ya mshindi. Alianza kutangaza akiwa bado barabarani. Akaingia. Viti viwili vilikuwa mahali pake, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amevipanga asubuhi. Nikamsikia mkewe akimwambia, kisha sauti yake: "Atarudi. Kamusi ameiacha hapa."

Hakurudi. Na hapa ndipo dharau yangu kwa mtu yule ilipogeuka hasira. Watu wa Asembo hawakuleta ng'ombe, kwa sababu walikuwa wametukanwa. Naye Karani hakutuma neno, kwa sababu alikuwa Karani. Na mama wa msichana ambaye ng'ombe wake hawajaja hawezi kujiendea tu kule alikoolewa bintiye, akaketi, akala. Kwa hiyo Mama Akinyi akakaa kwake. Mjukuu wa kwanza akazaliwa, habari nikaileta mimi. Wa pili akazaliwa, habari nikaileta mimi. Aliniuliza wanafanana na nani, nami nikamweleza pua na masikio, na yeye akafumba macho ili awaone. Upande wa pili wa meza mumewe alikuwa akicheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na mikono yote miwili ilikuwa ikiibiana.

Dunia ikamkimbia taratibu. Mhindi wa vitabu alifunga duka akavuka bahari. Makarani wenzake walihamishwa Nairobi na Nakuru. Karani akastaafu, akanyang'anywa nyumba ya gatini, akapanga vyumba viwili Migosi. Mimi pia wakati huo walikuwa wamenikumbuka, nikahamia Manyatta na cherehani yangu. Sikumkosa.

Halafu siku moja Fundi akanijia na ujumbe. Babake mkubwa amezeeka, na amesema hataki kufa nyumbani kwake kukiwa na binti wa watu asiye na ng'ombe. Watakuja tena. Mzee hakuweka sharti lolote. Sharti nililiweka mimi.

Nilimkuta Karani ameketi mlangoni, gazeti limegusa pua. Macho yalikuwa yamefanya ukungu. Alikuwa akilihangaikia lile fumbo la ukurasa wa nyuma, herufi zimepangwa kwenye mraba na moja imewekwa katikati.

"Ni nani?"

"Mama Cherehani. Watu wa Asembo wanakuja Jumamosi na ng'ombe. Kile kisanduku chako nikikiona mezani, nitakitia motoni kwa mkono wangu mwenyewe, na wewe utakaa hapo ukikota moto wake."

Alilikunja gazeti, akalikunja tena.

"Yule mzee bado yuko?"

"Yuko."

"Na Akinyi? Bado anacheza?"

"Analima, ananyonyesha, anauza samaki. Acheze saa ngapi?"

Akaitikia kwa kichwa. Nikaenda zangu.

Jumamosi walikuja. Mzee wa Asembo sasa alitembea akiwa ameshikwa mkono, lakini koti lilikuwa lile lile. Ng'ombe walifungwa nje na watoto wa Migosi wakawazunguka. Mama Akinyi aliwabeba wajukuu wote kwa zamu, akiwakagua pua na masikio kuona kama nilimdanganya. Kuku akapikwa. Beseni likawekwa mlangoni. Tukaketi, na mimi nikachungulia chini ya meza na nyuma ya mlango, kisanduku sikukiona.

Karani akasimama. "Kabla hatujala," akasema.

Mama Akinyi akalikumbatia jagi la maji. Fundi akatazama chini. Mkono wa mzee wa Asembo ukaanza kuitafuta fimbo, na mimi nilikuwa tayari nimeshika mwiko.

Karani akatembea akipapasa viti mpaka alipo mkewe, akalichukua lile jagi mkononi mwake. Akabeba na beseni. Akaja nalo mbele ya mzee, akapiga goti moja kwa shida, mifupa ikilia. Kuwanawisha wageni ni kazi ya wasichana wa nyumba. Sijawahi kumwona mwenye nyumba akiifanya. Akamimina. Kwa macho yale, nusu ya maji ilikwenda kwenye viatu vya mkwe wake.

Mzee alimwacha amimine. Kisha, mikono bado iko juu ya beseni, akauliza, "Bwana Karani, ile neno ulitaka siku ile. Ilikuwa gani?"

Akinyi alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Karani hakuweza kumwona, lakini aligeuza uso upande ule.

"Sikuwa nalo," akasema.

"Hukuwa nayo?"

"Nililitafuta kamusi nzima usiku wa kuamkia siku ile, nikalikosa. Ndiyo maana nikaziweka herufi zile." Maji yalikuwa yakitiririka bado, hakuwa amekumbuka kuyazuia. "Sikutaka kuwafukuza, omera, ndugu yangu. Nilitaka tu mchelewe kidogo kumchukua."

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu, na Mungu ananiona nilitaka kumpiga nao. Nilimfikiria Mama Akinyi akifumba macho mezani kuwatazama wajukuu ambao hakuwa amewaona, kwa sababu ya neno ambalo mjinga huyu hakuwa nalo. Kila mtu alimtazama mzee wa Asembo, kama atainuka.

Yule mzee akaikung'uta mikono yake, akaitazama, kisha akainyoosha tena juu ya beseni.

"Ongeza maji," akasema. "Mimi hata leo niko na njaa ya siku ile."